Sunnvør na Mwimbaji wa Moyo wa Kulia

Tik. Tik-tik. Kimya kidogo, kisha tik.

Ndiyo sauti inayonijia kwanza nikimkumbuka Sunnvør. Ilitoka mfukoni mwa koti lake jeupe, akipita ukumbini mwa hospitali yetu ndogo ya kisiwani, akingojea maji ya kahawa yachemke, akimsikiliza mtu akieleza habari za mgongo wake. Ilikuwa koleo ya kushikia sindano, kuukuu, iliyokwisha kupoteza mng'ao. Vidole vyake viliifunga na kuifungua, kuifunga na kuifungua, kama wanawake wengine wanavyofuma soksi bila kutazama. Billa, muuguzi aliyemkabidhi vyombo katika chumba cha upasuaji, alimpa jina la Saa ya Ukutani.

"Saa ya Ukutani inakuja," alikuwa akisema. "Ficheni keki."

Sote tulidhani ni tabia tu, kama mtu mwingine anavyokuna shingo. Hakuna aliyejisumbua kutazama ni mfuko upi. Ulikuwa wa kushoto.

Mimi kazi yangu ilikuwa nusu kaputi. Nilikaa kichwani pa wagonjwa, nikiwalaza na kuwaamsha, na kutoka pale kichwani nilimwona Sunnvør akifanya kazi kwa miaka mingi kuliko mtu mwingine yeyote aliye hai. Kwa hiyo naona ni haki niisimulie mimi.

Alikuwa binti wa Dánjal wa shamba la Gerði, mwenye kondoo. Wenye kondoo kwetu ni wengi, lakini Dánjal alisifiwa kwa jambo moja: mikono yake. Ngozi aliyoichuna yeye haikuwa na tundu. Ikifika Oktoba, kondoo wakishateremshwa mlimani na kuchinjwa, hulazwa chali juu ya benchi, na wachunaji ni wawili, mmoja huku na mmoja kule, ngumi kati ya ngozi na nyama. Aliyesimama upande wa Dánjal alifanya kazi raha mustarehe. Aliyesimama ng'ambo alihangaika, kwa maana kila chombo na kila desturi ya benchi lile ilimfaa mtu wa mkono wa kulia aliyesimama upande wa Dánjal. Wanawe wa kiume waligombana kila mwaka nani apelekwe ng'ambo.

"Mwiteni dada yenu," akasema Dánjal mwaka mmoja, amechoka na kelele zao.

"Sunnvør? Si yuko jikoni anakoroga damu ya soseji na mama!"

"Anakoroga kwa mkono gani?"

Wakaangaliana. Alikuwa akikoroga kwa kushoto, kama alivyokula, kama alivyorusha mawe.

Basi wakamleta, aproni ina madoa, akasimama ng'ambo ya benchi, na ule upande mbaya ukawa kwake upande mzuri. Mikono ya baba na ya binti ilitazamana kama mtu na kioo chake. Kisu cha huyu kilipokwenda huku, cha yule kilikwenda kule, na vikakutana kwenye mfupa wa kifua bila kugongana. Na ilipofika wakati wa kuivuta ngozi, Dánjal alisema neno lake moja, lile lile kila mwaka:

"Shika mguu wako, huu wangu nimeshika."

Wakavuta pamoja. Watu wa nyumba za jirani walikuja kutazama, wakijifanya wamekuja kuazima chumvi.

Shuleni mambo yalikuwa mengine, na Kopenhageni alikokwenda kusomea udaktari mambo yalikuwa mengine zaidi. Mkuu wa wapasuaji kule hakuwa mtu mkatili, Sunnvør mwenyewe alisisitiza hivyo. Alimweka kando siku ya kwanza akamwambia kwa upole kabisa: "Mkasi umetengenezwa kwa mkono wa kulia. Muuguzi anakabidhi mkono wa kulia. Meza ina upande wake, na upande huo hauhami. Ama ubadilike wewe, binti, ama ubadilishe kazi."

Alibadilika. Chumbani kwake alishona mito, miguu ya nguruwe, maganda ya machungwa, kwa mkono wa kulia, mpaka mkono ule mgeni ukawa mwenyeji. Alirudi kisiwani mpasuaji kamili, mwanamke wa kwanza kupewa chumba chetu cha upasuaji, na hakuna aliyejua kwamba kazi yote ile nzuri ilikuwa ikifanywa na mkono wa kujifunza, si wa kuzaliwa nao.

Isipokuwa baba yake. Oktoba ya kwanza baada ya kurudi, Sunnvør alikwenda Gerði, akafunga aproni, akazunguka mpaka ng'ambo ya benchi kama zamani. Kisha akachukua kisu kwa mkono wa kulia. Viwiko viligongana. Ngozi ikachanika, mchaniko mrefu kama kiganja, kwenye benchi la Dánjal wa Gerði.

Mzee aliutazama ule mchaniko. Hakukemea. Alisema tu, "Nenda kapumzike ndani, daktari."

Alikuwa hajawahi kumwita hivyo. Tangu siku hiyo Sunnvør alikwenda Gerði kila Oktoba, akanywa kahawa na mama yake, akasifu nyama, akarudi mjini. Bandani hakuingia. Na koleo ile kuukuu ikaanza kulia mfukoni mwake. Miaka ilipopita nilimuuliza kwa nini aliuzoeza kwa koleo ile mkono wa kushoto ambao hakuutumia tena. Akacheka.

"Nilikuwa naupeleka matembezini," alisema.

Msidhani kisiwa kidogo hakina maajabu ya upasuaji. Sunnvør alimtoa Sanna, bibi wa wajukuu, sindano ya kushonea iliyomwingia kiganjani siku ya kipaimara chake na kusafiri taratibu miaka yote ile mpaka karibu na kiwiko. Sanna alitaka arudishiwe, akaendelea kushonea hiyo hiyo. Alipokea mvuvi aliyeingia mlangoni na ndoana katika mkono, na kwenye ndoana samaki, na samaki angali akipiga mkia. "Nani kati yenu aliyenaswa?" Sunnvør alimuuliza. Lakini hayo ni maajabu ya kusimulia mezani. Ajabu ninayotaka kuisimulia ni ya Tróndur.

Tróndur wa Króki alikuwa manju wetu. Ngoma yetu haina ngoma ya kupigwa. Ina miguu yetu na sakafu ya mbao, watu wameshikana mikono katika mlolongo mrefu unaojikunja chumba kizima, na sauti ya mtu mmoja inayoongoza ubeti, nyingine zote zikimfuata. Tróndur alikuwa na beti za kutosha kumaliza majira ya baridi. Na manju akishauanza wimbo hauachi njiani. Anaweza kupiga chafya, anaweza kulia, lakini wimbo unafika mwisho wake. Ndivyo tulivyokuta, ndivyo tunavyofanya.

Kwa hiyo jioni ile ya Februari, kabla ya Kwaresima, maumivu yalipomshika Tróndur chini ya mbavu za kushoto katikati ya wimbo mrefu kuliko zote anazozijua, aliendelea kuimba. Jasho lilimtiririka hadi shingoni. Walio karibu naye walidhani ni bidii, wakaongeza kukanyaga. Aliimba mpaka shujaa wa wimbo akafa, akazikwa na kulipiziwa kisasi, ndipo akakaa chini.

Kesho yake adhuhuri mkewe Marjun alimleta kwetu amejikunja. Homa ilikuwa kali.

"Ni moyo," alisema Marjun. "Ameushika upande wa moyo tangu jana. Nilimwambia acha kuimba. Nilimkanyaga mguu makusudi!"

"Nilidhani unacheza vizuri," Tróndur akanong'ona.

Tukamfunga waya za kupimia moyo. Mstari uliotoka kwenye mashine ulikuwa kichwa chini. Billa akanitazama kwa dharau, akasema nimefunga waya kinyume, akazifungua na kuzifunga upya mwenyewe. Mstari ukatoka kichwa chini. Picha ya eksirei ikaletwa, ikatundikwa kwenye kioo cha taa, na mpiga picha alipoona moyo uko kulia, akaitoa, akaigeuza, akaitundika tena sawasawa, moyo ukawa kushoto. Hata hakufikiri. Nani angefikiri? Tróndur alikuwa baharia. Alikuwa amepigwa picha kila bandari, na nadhani kila bandari kulikuwa na mtu mwema aliyeigeuza.

Sunnvør hakuitazama picha kwanza. Aliweka kipimo chake cha kusikilizia moyo juu ya kifua cha kushoto, akasikiliza. Akakunja uso. Akakisogeza, kidogo kidogo, mpaka kulia, na hapo nikamwona uso unakunjuka.

"Marjun," akasema, "ukimlalia kifuani, unalala upande gani?"

Marjun akaona haya. "Wa kushoto, daktari. Kama mke yeyote."

"Na unasikia nini?"

"Sisikii kitu. Nilidhani ni mtu wa moyo mtulivu."

Sunnvør alikwenda kwenye kioo cha taa, akaitoa ile picha, akaigeuza. "Moyo wake uko kulia," alisema. "Ini liko kushoto. Kila kitu ndani yake kimekaa ng'ambo. Wanazaliwa watu wa namna hii, mmoja mmoja, na wengi wanazeeka bila kujua. Hiki kinachomuuma si moyo. Ni kifuko cha nyongo, na kinakaribia kupasuka."

Miaka yote ya ndoa ilipita usoni mwa Marjun. "Basi nimekuwa nikilalia upande wa ini!"

Tungecheka zaidi, lakini dhoruba ilikuwa imeufunga mlango wa bandari, helikopta haikuweza kuinuka, na hospitali kubwa ya Tórshavn ilisema kwa simu: kama anaweza kungoja, angoje. Sunnvør alimbonyeza Tróndur tumbo mara moja tu. Lilikuwa gumu kama ubao.

"Hawezi," alisema, akakata simu.

Msaidizi wake alikuwa Eyðbjørn, daktari mzee wa wilaya, mtu wa mikono mizito na moyo mwepesi. Nilimlaza Tróndur. Maneno yake ya mwisho kabla ya usingizi yalikuwa, "Msinikate sauti." Sunnvør akasimama upande wa kulia wa meza, mahali pake pa siku zote, akafungua.

Mwenye kuangalia kutoka kichwani huona yale ambayo wengine hawayaoni. Niliona ini limelala kushoto, na kifuko chini yake kimevimba, cheusi kama zambarau. Niliona Sunnvør ananyoosha mkono wa kulia ng'ambo, na mkono wenyewe unamziba macho. Akahamia upande wa kushoto wa meza. Eyðbjørn akampisha, wakabadilishana. Bado. Pale penye hatari, penye mishipa ile miwili myembamba ambayo ukikosea na kukata isiyostahili mtu hana maisha tena, mkono wa kulia ulilazimika kujipinda kama mtu anayejikuna mgongoni. Alijaribu mara ya kwanza. Alijaribu mara ya pili, na damu ikachuruzika kidogo, akaibana. Kipimo changu kilianza kuonyesha nisiyoyapenda.

"Sunnvør," nikasema, "presha inashuka."

Alisimama wima. Chumba chote kilisimama naye. Alikuwa mtu wa kutegemewa, mkono wake wa kulia tuliujua sote, na sasa alisimama mikono ameinua mbele ya kifua kama anayeomba, akiutazama mwili wa Tróndur ambao hakuna kitabu kilichokuwa kimemfundisha. Nilijua anachowaza, au nilidhani najua: kwamba atamfunga tumbo, atangoja bahari itulie. Na Tróndur asingeivuka siku ile.

Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, kiganja juu.

"Kisu."

Billa, kwa mazoea ya maisha yake yote, akakiweka katika wa kulia.

"Mwingine, Billa."

"Kisu kingine?"

"Mkono mwingine."

Billa akabaki na kisu hewani. "We Sunnvør! Tangu lini?"

"Tangu tumboni mwa mama yangu. Leta."

Nimeona wapasuaji wengi, wengine wakubwa kwa jina. Sijaona tena kile nilichokiona saa ile. Mkono ule ulishuka kama mtu anayerudi nyumbani gizani asiyehitaji taa. Haukujipinda popote. Kila kilichokuwa kinyume kwetu kilikuwa sawa kwake. Alikuwa amejifunza mwili wa kondoo akiwa ng'ambo ya benchi, akiangalia mikono ya baba yake na kuigeuza kichwani, na hapa palikuwa na mtu mzima aliyeumbwa kwa kugeuzwa, kana kwamba Mungu alimweka akiba kwa ajili yake. Uzi uliingia na kutoka. Koleo ikalia, tik, tik-tik, katika mkono wa kushoto, mbele ya watu wote.

Eyðbjørn alikuwa ameshika ini kwa kiganja, likimteleza kidogo. Sunnvør hakuinua macho.

"Shika wako," akamwambia, "huu wangu nimeshika."

"Naam?" Eyðbjørn akauliza. Hata mimi sikuelewa. Lakini mzee akashika barabara, na kile kifuko kikatoka kizima, hakikupasuka, kikalala kwenye bakuli la Billa kikiwa kizito na kibaya. Billa alikitazama, akamtazama Sunnvør, akasema kwa sauti ya kanisani:

"Na keki zote zile nilizokuwa nakupa kwa mkono usio wako."

Tróndur alipoamka alitaka kujua kwanza kama sauti ipo. Akajaribu ubeti, akalaani mshono, akaridhika. Alipoelezwa habari ya ndani yake akaanza kujivuna, na hajaacha mpaka leo.

"Ngoma yetu inaelekea wapi?" alimuuliza kila aliyekuja kumwona. "Kushoto! Mlolongo wote unakwenda kushoto. Sasa mnajua kwa nini mimi sikosei hatua na ninyi mnakosea."

"Wewe umekosewa kuanzia ini," Marjun alimwambia, akimlisha supu. Lakini alikuwa amekwisha kuhamisha kiti chake, amekaa upande wa kulia wa kitanda.

Habari ilizunguka kisiwa kabla bahari haijatulia. Mwanzoni watu walisimulia kuhusu moyo wa Tróndur. Baadaye, kidogo kidogo, wakaanza kusimulia kuhusu mkono. Wavuvi waliokuja na vidole vilivyojeruhiwa waliuliza, "Unanishona kwa ule wenyewe?" Billa alipanga upya meza yake ya vyombo, kulia kwenda kushoto, akatukataza tusiiguse. Barua ya mwaliko ikaja kutoka Kopenhageni, wapasuaji wa kule wakimtaka akawahutubie. Sunnvør aliiweka dirishani, akasema atafikiri baada ya Oktoba.

Oktoba ile aliniomba nimpeleke Gerði, gari lake limeharibika. Ndiyo sababu nilikuwapo.

Dánjal alikuwa amezeeka. Macho yalikuwa na wingu. Alichuna kwa kupapasa, na bado ngozi zake hazikuwa na tundu. Wanawe walikuwa baharini wakati ule, ng'ambo ya benchi alisimama jirani mmoja akisukuma kiwiko na kulalamika chini kwa chini. Sunnvør hakwenda jikoni. Nilimwona anafunga aproni mlangoni mwa banda. Alimgusa jirani begani, yule akaondoka kwa furaha, akaja kusimama nami.

Mzee hakujua. Alikuwa amekwisha kuanza kondoo mwingine, anasonga na ngumi yake chini ya ngozi, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza. Ng'ambo mkono mwingine ukaanza. Huyu alikwenda huku, yule akaenda kule. Hawakugongana. Nilimwona Dánjal anapunguza mwendo, na mkono wa pili ukapunguza; akaongeza, nao ukaongeza. Walipofika kwenye mfupa wa kifua, vidole vyake vya kizee vilivuka upande wa pili, vikaugusa mkono ulioshika kisu. Vikaupapasa, kidole gumba, kifundo, kama mtu anayesoma. Ulikuwa wa kushoto.

Akasimama. Midomo yake ilitaka kusema lile neno lake, haikuweza.

Sunnvør akainama karibu naye, juu ya benchi, akalisema yeye, kwa sauti ndogo ambayo sisi wa mlangoni tuliisikia kwa shida.

"Shika mguu wako, baba. Huu wangu nimeshika."